Gari la Kwanza Lilikuwa la Mtaa, Hili la Sasa ni la Nani?

Juzi baada ya sala ya isha tulikuwa tumekaa barazani Kibokoni, mimi na wazee wenzangu wanne watano, kahawa imeshapita duru ya pili. Kijana mmoja aliyekuwa akimngoja babake akatuuliza swali la kupitisha wakati: "Ami zangu, gari zenu za kwanza zilikuwa zipi?"

Lo! Ilikuwa kama amefungua bomba la maji. Mmoja alianza na Peugeot 404 yake, akaitaja nambari ya usajili bila ya kufikiri, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Wa pili alikuwa na Datsun 1200. Alitueleza bei yake mpaka shilingi ya mwisho, akatueleza mlango wa kushoto ambao haukufunguka ila kwa nje, na namna abiria alivyobidi kukaa ndani akingoja kufunguliwa kama bibi harusi. Wa tatu alirithi Morris Minor kwa ami yake, pamoja na deni la fundi. Tulicheka mpaka mwuza kahawa akasahau kuendelea na safari yake.

Kisha yule kijana akauliza: "Na hizi za sasa je?" Pakawa kimya. Mmoja akasema Toyota. Wa pili akasema Toyota. Wa tatu naye akasema Toyota, ila yake ni ile kubwa kidogo. Basi, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Nilirudi kwangu Bamburi nikiwa na swali hilo kichwani. Gari lililokuwa likituzimikia njiani tunalikumbuka mpaka nambari, na hili lisilozimika hatuna la kulisema. Kwa nini? Wengi watajibu kwamba ni ujana tu tunaoulilia. Mimi sikubali, au tuseme sikubali kwamba ni hilo peke yake. Nimelifikiri jambo hili siku kadhaa na nathubutu kusema kwamba jibu liko katika pesa; si kiasi cha pesa, bali ni nani aliyetukopesha.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, kwa kuwa wa mtu mwingine sina ruhusa ya kuueleza.

Mwaka 1981 nilikuwa karani bandarini, kijana wa miaka 24, sijaoa. Mtu mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akiuza Volkswagen yake, ile ya mgongo wa mviringo, kwa shilingi 12,000. Mshahara wangu haukuweza hata kuiota. Mama yangu alikuwa katika mchezo, upatu kama wengine wanavyouita, yeye na wanawake saba wa vichochoro vyetu. Kila mwezi walitoa na kila mwezi mmoja alipokea. Zamu ya mama ilikuwa karibu. Alikwenda akakaa nao mkekani, akarudi na habari kwamba wawili wamekubali kunipisha zamu zao, na shangazi yangu ameongeza kilichokuwa ndani ya sanduku lake. Hapakuwa na karatasi wala sahihi. Nililipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili, na kila mwisho wa mwezi nilizipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, nikipewa na chai.

Gari lenyewe lilikuwa si baya. Injini yake ilikuwa nyuma na ilipozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta ya kuchemka, hivyo milima ya Mazeras mpaka Mariakani tuliipanda huku tukiwaangalia wenye magari ya maana wamesimama kando, boneti juu, wakitafuta maji. Wapenzi wa mashindano ya Safari watakumbuka kwamba Volkswagen ilishinda mwaka 1953, na 1954, na 1957, na tena 1962. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 ulimwenguni kabla ya la mwisho kutoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Katika hayo milioni 21, moja lilikuwa langu. Au ndivyo nilivyodhani siku ile nilipolileta mtaani nikipiga honi.

Maana halikuwa langu. Wewe msomaji fikiri: mwanamke aliyekupisha zamu yake ya mchezo ili upate gari, akija saa nane za usiku akakwambia mwanawe anaharisha na macho yamemwingia ndani, utamwambia nini? Utamwambia umechoka? Utamwambia petroli imepanda? Niliamka. Niliamka mara ngapi sijui. Niliwapeleka wagonjwa na nikawarudisha wazima, na wengine nikawarudisha si wazima. Nilichukua maharusi, waimbaji wakiwa wamening'inia madirishani. Siku za maziko jeneza lilikwenda mabegani mwa watu kama ilivyo ada, nami nilitangulia na wazee wasioweza kutembea, kisha nikarudi kuwachukua akina mama wa kupika hitima, na sufuria zao magotini. Siku ya Idd nilipeleka watoto Makadara kwa mafungu, na malipo yangu yalikuwa kwamba wao ndio walioliosha gari tangu asubuhi ya mwezi 29.

Na pahali pa kulala gari hapakuwa pangu pia. Vichochoro vya Mji wa Kale mkokoteni hupita kwa shida, sembuse motokaa. Lililala pembeni mwa barabara, mbele ya duka la mtu, na kila aliyekuwa na baraza upande ule alilichunga. Nikilitoa usiku, asubuhi mtaa mzima wajua ni nani aliyeugua.

Safari iliyonikaa zaidi ni ya Maulidi ya Mambrui. Tulikwenda watu saba wakubwa na watoto ambao hatukuwahesabu. Wakati ule daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 1991. Tulingoja feri juani zaidi ya saa moja, tukala mahamri na mbaazi tulizofungiwa, na shangazi yangu, yule wa sanduku, akashuka akaenda kumweleza mwenye feri kwamba gari hili ni lake na ana haraka. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Gari langu." Sikumsahihisha, wala hapakuwa na cha kusahihisha.

Mtoto mmoja alizaliwa ndani ya gari lile, kiti cha nyuma, kabla hatujafika mlango wa hospitali. Leo ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, ana ndevu, na akiniona sokoni hunisalimu kwa jina ambalo sitaliandika hapa kwa sababu wajukuu wangu wanasoma gazeti hili. Mama yake aliliosha gari mwenyewe arubaini yake ilipotoka, akakataa katakata nisaidie.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi magari ya zamani yalikuwa bora. Yalikuwa hatari. Hewa yetu ya bahari inakula chuma, na miaka miwili ya mwisho sakafu ya Volkswagen yangu ilikuwa na tundu ambalo tuliliziba kwa kipande cha bati na zulia. Mikanda hatukufunga. Watu saba katika gari la watu wanne ni jambo la kuchekea barazani, lakini lau tungekutana na lori siku ile ya Mambrui, leo hakuna wa kucheka. Namshukuru Mungu na siirudii tena.

Na liko jambo jingine linalonitia haya kila nikilikumbuka. Wale wanawake walionunua gari lile kwa mchezo wao, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani wake. Si kwamba walikatazwa. Hakuna aliyefikiri kuwafundisha, na mimi ndiye wa kwanza kutofikiri. Binti yangu ni muuguzi. Leo hutoka zamu ya usiku akavaa buibui lake, akaingia ndani ya gari lake dogo, akarudi nyumbani bila ya kumngoja mtu. Mama yangu alimwona akiendesha mara moja kabla hajafariki, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kumbe si kazi."

Tuje kwenye gari la sasa. Vijana hawajui, lakini zamani gari la kutoka ng'ambo halikununuliwa hivi hivi. Pesa za kigeni zilikuwa chini ya ulinzi wa serikali, na gari aliloliona mtu wa kawaida lilikuwa lililounganishwa hapa hapa, kama Peugeot 504 iliyoendelea kuunganishwa Kenya mpaka mwaka 2004, au lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifunguliwa, na meli zikaanza kutuletea magari ya Kijapani yaliyotumika, maelfu kwa maelfu. Nilikuwa bandarini nikiyaona yakishuka. Yanaendeshwa upande ule ule wetu, yana usukani mkono wa kulia kama yetu, na sheria inataka yasiwe yamepita miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Wajapani wanayatunza. Aliyetaka gari zuri alilipata, na hilo ni jambo la heri; si dogo.

Mimi nilinunua Toyota Premio mwaka 2014, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Wakati huo nilikuwa nimeshahama mjini nikakaa Bamburi, katika jumba la ghorofa nne lenye ukuta, geti na bawabu. Mama alikuwa mzee, mchezo wake ulikuwa umevunjika kwa kufiwa, na kusema kweli bei ya gari la leo haimo ndani ya sanduku la shangazi yeyote. Nilikwenda benki. Tangu mwaka 2008 tuna benki za kufuata sheria za dini yetu hapa Kenya, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa wengi wetu kabla ya hapo tulikuwa kati ya mawili: riba au kwenda kwa miguu. Wasomaji wengi wanajua namna murabaha inavyokwenda. Benki inalinunua gari, inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida mkiwa mmekubaliana, nawe unalipa kwa mafungu bila ya bei kubadilika. Yangu yalikuwa mafungu 48. Kitabu cha gari kiliandikwa majina mawili, langu na la benki, na nilitakiwa kulikatia bima ya kila kitu, wizi, moto na mgongano.

Sina lawama kwa benki. Walifanya biashara halali na mtu mwenye akili zake. Lakini moyo wangu juu ya gari lile ulikuwa moyo mwingine kabisa. Kila mkwaruzo nilikuwa nauona kama mkwaruzo juu ya mali ya watu. Zile nailoni ambazo yadi iliyoniuzia ilivisha viti, sikuzitoa. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nailoni ziko, watu wanateleza kila nikikata kona. Mke wangu alisema gari hili ni la kuangaliwa kama kabati la vyombo. Nilimwambia asubiri deni liishe.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 mlango wangu uligongwa. Alikuwa kijana wa ghorofa ya chini, mgeni kwetu, tulikuwa tumeshasalimiana getini mara mbili tatu. "Ami," akasema, "Ami, tafadhali, mke wangu." Nilivaa, nikashuka, nikafungua gari. Mke wake alikuwa ameegemea ukuta, maji yameshavunjika, kanga imelowa. Nikaviangalia vile viti vya rangi ya maziwa chini ya nailoni.

Nilimwambia yule kijana angoje kidogo, nikapanda juu kutafuta mkeka wa zamani na shuka. Shuka niliipata upesi. Mkeka sikuupata. Nikamwamsha mke wangu kumwuliza mkeka uko wapi, naye akaniuliza mkeka wa nini, na nilipomweleza alinitazama kwa macho ambayo katika ndoa ya miaka thelathini sikuwahi kutazamwa nayo. Dakika ngapi zilipita sijui. Niliposhuka na shuka langu, bawabu aliniambia wameondoka. Tuktuk ilikuwa ikipita barabarani, wameichukua.

Mtoto alizaliwa salama hospitali, alhamdulillahi. Yule kijana hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinisalimu getini kama kawaida yake, kwa adabu, na toka siku ile mpaka walipohama hakuniomba kitu tena, hata jeki.

Ndiyo sababu nikasema ni nani aliyetukopesha. Mwanamume aliyeamka saa nane za usiku mwaka 1981 na aliyekwenda kutafuta mkeka mwaka 2016 ni mmoja. Hakuwa mwema wakati ule akageuka mwovu baadaye. Wakati ule alikuwa na deni kwa watu waliokuwa wakiugua, wakizaa na kufa karibu yake, na deni lile lililipwa nusu kwa fedha na nusu kwa safari. Mara ya pili deni lilikuwa kwa benki, na benki haizai wala haigongi mlango usiku. Yenyewe hutaka fungu lake tarehe tano, na gari likae zima.

Na deni lenyewe, hata likiwa la halali, si jambo la mzaha. Kila tunapomsalia maiti, wenyewe husimama wakauliza nani anamdai marehemu. Wote tumesikia hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyojizuia kumsalia mtu aliyekufa na deni mpaka mmoja wa masahaba alipolibeba. Nami nimesimama katika safu, mara moja na zaidi, nikisikia ndugu wa marehemu kijana akilichukua deni la gari linalong'aa nje ya msikiti. Kijana anayeanza kazi leo, mshahara wake wa mwezi wa tatu haujatoka, ameshaingia katika mafungu ya miaka minne kwa gari ambalo vioo vyake ni vyeusi mpaka jirani hajui amsalimu nani. Ningemshauri aanze na kigari kidogo cha pesa taslimu. Na akikosa, basi akope nyumbani, kwa ami, kwa wajomba, kwa chama cha wenzake wa kazini. Ataniambia nyumbani wataanza kumtumatuma. Naam, watamtuma.

Nilipoyasema haya barazani, yule mzee mwenye gari "kubwa kidogo" alinipinga. Alisema siku hizi ziko ambulensi, ziko teksi za kuitwa kwa simu, hakuna haja ya kumwamsha mtu. Na ukimpakia mgonjwa akafia ndani ya gari lako, polisi watakuweka kituoni mpaka asubuhi ukiandika maelezo. Maneno yake yana uzito na siyapuuzi. Lakini nilimwuliza, mara ya mwisho nyumbani kwake walipougua usiku, aliita nani? Akasema mwanawe. Nikamwuliza, na jirani yake asiye na mtoto mwenye gari je? Akanywa kahawa.

Mafungu yangu yaliisha mwaka 2018. Siku ile ile nilitoa nailoni, nikazikata kwa kisu kwa kuwa zilikuwa zimeshagandana na kiti. Kisha nikaenda kwa imamu wa msikiti wa karibu nasi nikamwomba jambo dogo: karatasi ukutani, karibu na mlango wa akina mama na karibu na pahali pa kutawadhia, yenye majina na nambari za simu za wenye magari walio tayari kuamshwa usiku. Juma la kwanza tulikuwa wawili, yeye na mimi. Leo tuko 14, na watatu ni wanawake, jambo ambalo wagonjwa wa kike wanalifurahia kuliko sisi tunavyojua. Wawili kati ya 14 wana magari yasiyo na ac wala redio. Mwingine ana Probox ya kubebea mikate, ina harufu ya hamira, na ndiyo inayoitwa zaidi kwa sababu mgonjwa anaweza kulazwa nyuma.

Fundi mmoja wa karibu naye alijitia bila ya kuombwa. Yeye hana gari, lakini ana kile kimashine wanachokichomeka chini ya usukani kikawaambia gari linaumwa nini, na gari likiwa la karatasi ile hulipima bure. Mimi kwangu kimashine kile ni miujiza. Volkswagen yangu niliijua kwa sauti yake, hili siijui hata lugha yake.

Hilo si fumbo. Gari langu linasema Kijapani. Kila nikiwasha, mwanamke asiyeonekana hunena sentensi moja kwa upole kabisa, kisha akanyamaza. Wenye magari ya namna hii wanamjua. Mwanangu alinieleza kwamba anasema kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa. Huko kwao barabara kubwa hulipiwa kwa kadi, na yeye hajui kwamba ameshahama, anaendelea na kazi yake mpaka leo.

Mwezi uliopita simu ililia saa tisa za usiku. Bibi mmoja wa nyumba za nyuma, pumu imemshika, hana mtu ila mjukuu wa miaka kumi. Tulimweka kiti cha nyuma, mjukuu akamshika mkono, mimi nikawasha. Yule mwanamke akasema maneno yake. Bibi, pumzi juu juu, akainua kichwa akauliza ni nani huyo mwingine ndani ya gari na amesema nini.

Nikamwambia anatusalimu, nikatia gia.